Ng'ombe wa Uzeeni wa Twalibu

Twalibu Mabruki alibeba magunia ya tumbaku katika ghala moja karibu na stesheni ya Tabora mpaka mgongo ukagoma. Siku zote alihesabiwa kibarua, na kibarua hana kiinua mgongo. Lakini hakuwa mjinga. Kila alipobahatika kubana senti alinunua mtamba, akampeleka kijijini Puge kwa rafiki yake Sylvester amtunzie. Ndivyo walivyoweka akiba watu wa huko: mtunzaji anywe maziwa na apate samadi ya shamba, ndama awe wa mwenye mali, na ng'ombe akifa aletewe ngozi aione. Karatasi hakuna.

Mwaka 1974 ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Mvua zikaisha, Twalibu hakupata habari wala ngozi. Nyumbani mkewe Batuli alikuwa kitandani, mguu umemvimba, na dawa ilitaka fedha.

"Kauze hata mmoja, baba Zamda," alimwambia. "Au unangoja uuze wa matanga yangu?"

Akapanda lori. Kwa Sylvester alikuta kuta zilizoungua na zizi tupu. Waliozichoma nyumba zile waliitwa watumishi wa wananchi. Na tuseme wazi: kijiji cha ndugu hakijengwi kwa kiberiti!

Alimpata rafiki yake katika kijiji kipya, mbele ya kibanda cha nyasi. Sylvester hakungoja kuulizwa.

"Wapo, kaka," alinong'ona. "Nimewaandikisha kwa jina langu."

"Jina lako?"

"Wangewachukua. Mwenzetu mmoja alisema ng'ombe anaowatunza ni wa mtu wa Nzega mjini. Zizi lote likaswagwa, na yeye akawekwa ndani, eti kibaraka wa mnyonyaji. Sasa hauzwi hata mmoja bila kibali cha mwenyekiti. Mimi nina watoto."

Mara akatokea Anton, mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye sauti ya mkutanoni.

"Karibu, ndugu mzee! Watu wa mjini hawaji huku bure. Au umefuata mali zako zenye mikia?"

Watu wakacheka. Twalibu akatazama zizini. Aliwatambua mmoja mmoja, kwa mabaka na kwa pembe. Akisema ni wake, wanachukuliwa na Sylvester anafungwa. Akinyamaza, Batuli hana dawa. Mnyonyaji! Mtu aliyeukunja mgongo wake kwa faida ya wengine tangu ujana, leo ndiye aitwe mnyonyaji!

"Nimekuja kumsalimia rafiki yangu," alisema.

"Basi msalimie, urudi mapema. Huku hatulishi wageni."

Sylvester alimsindikiza hadi barabarani na kibuyu cha maziwa ya mgonjwa. Walisimama pamoja mpaka lori lilipofika. Utingo akadai nauli. Twalibu alikuwa ametegemea nauli ya kurudi itoke kwa ng'ombe. Alijipapasa mifukoni, akijua hamna kitu, kisha akamnyooshea utingo kile kibuyu.

Utingo akakinusa, akanywa, akamwonyesha pa kukaa.