Bwana Temba na Madirisha ya Kariakoo

Siku yangu ya kwanza kazini Mkurugenzi alinipandisha ngazi za jengo moja Kariakoo, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akamwambia mtu aliyekuwa ndani, "Temba, huyu ni Hansa. Amemaliza kozi ya kompyuta. Mfundishe." Kisha akashuka. Mtu yule alikuwa ameupa mlango kisogo, anaandika. Bila kugeuka aliniuliza kama najua kuandika programu inayomuuliza mtu maswali. Nikasema najua.

"Basi isahau," akasema. "Siku hizi programu haiulizi. Inangoja."

Ninyi vijana mnaofanya kazi hii sasa mmeikuta njia imeshafyekwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Programu tulizofundishwa chuoni zilikwenda kama karani wa dirishani: jina lako nani, unatoka wapi, unataka nini, swali baada ya swali, na mtumiaji hakuruhusiwa kuruka. Kisha zikaja kompyuta za madirisha na kipanya. Kwenye skrini vinapangwa vitufe, visanduku vya kuandikia na orodha, vyote tukiviita wijeti, na mtu anabonyeza anachotaka, kwa wakati wake. Wewe unaandika kipande kidogo cha maelekezo kwa kila kitufe, unakikabidhi kwa mashine na kuiambia: hiki kikibonyezwa, ita hiki. Wazungu walikuwa na jina lao. Bwana Temba, aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya ya kanisa lake, alikiita kiitikio, nami sikuwahi kukiita vingine.

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa njia. Vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau vilirudi madukani: matairi, betri, sabuni za kila rangi. Wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, wengi wao Wachaga, walikuwa wanafungua ghala juu ya ghala, na kila mmoja alitaka kompyuta ya kumwonyesha kilichomo. Walitaka pia izungumze Kiswahili, na hapo ndipo tulipopata kazi ya ziada. Vitufe tulivyoletewa vilikuwa vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Nilipoweka "Ingiza mzigo mpya" maneno yakakatwa, yakabaki "Ingiza mzi". Nilishinda siku nzima nikihesabu nukta za skrini, nasukuma kitufe kushoto, nasukuma kulia, na kila nilipokitengeneza kimoja, cha jirani kiliharibika.

Bwana Temba aliniacha nihangaike mpaka jioni ndipo akavuta kiti.

"Usikiambie kitufe kikae wapi," alisema. "Kiambie kinakaa na nani. Watajipanga wenyewe."

Akanifundisha kupanga wijeti ndani ya visanduku visivyoonekana, kisanduku ndani ya kisanduku, safu kwa safu. Neno likirefuka, kisanduku kinatanuka na jirani zake wanasogea. Leo mashine inawafanyia hayo. Sisi tulifanya kwa mkono, na nilipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza.

Nyumbani sikuwa na wa kumweleza. Tulikuwa tunakaa Upanga, kwenye fleti za ghorofa, na miaka hiyo jirani zetu Wahindu walikuwa wanahama mmoja mmoja kwenda nje. Kaka zangu walitangulia, wakawa wanapiga simu sikukuu. Mama alibaki nami, kisha naye akafariki. Hekaluni wanawake waliniuliza nafanya kazi gani, na nilipoanza kueleza walitikisa kichwa kwa upole wakageukia habari za harusi. Wakaamua kwamba nilikuwa mpiga chapa. Ofisini pia, chini walikaa wauzaji, wanaume wa maneno mengi, na juu tulikuwa wawili tu. Kuna majuma ambayo mtu pekee aliyetamka jina langu alikuwa Bwana Temba. Mchana nilifungua chapati zangu na mboga, yeye akafungua ndizi zake za kupika, tukagawana, kila mmoja akitazama skrini yake.

Nilianza kuona kitu hakiko sawa alipouliza kitufe kimoja kimeandikwa nini. Kitufe chenyewe alikitengeneza yeye. Baadaye nikaona anasogeza uso karibu na kioo kama mtu anayenusa, na kwamba anakipoteza kielekezi cha kipanya, anakizungusha na kukizungusha. Tulipotoka kazini alisimama ukingoni mwa Mtaa wa Msimbazi akisubiri mtu wa kuvuka naye. Siku moja nilimshika mkono tukavuka. Upande wa pili aliniambia kwamba ni presha ya macho. Daktari amemwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitalindwa kwa dawa kadiri itakavyowezekana.

"Naona katikati tu, dada Hansa," alisema. "Pembeni kote pamefungwa."

Aliniomba nisimwambie Mkurugenzi. Nikakubali, na mpaka leo sijuti.

Kuandika programu aliweza bado, kwa sababu vidole vyake viliijua kibodi na kichwa chake kilihifadhi mistari kama mwingine anavyohifadhi nyimbo. Mimi nilimsomea makosa ambayo mashine iliyaonyesha, yeye akanitajia pa kurekebisha. Kilichomshinda ni kuitumia programu yenyewe tuliyokuwa tunaitengeneza. Programu za zamani, zile za maswali, angeweza kuzitumia akiwa amefumba macho, maana alijua swali gani linafuata lipi. Madirisha yanataka mtu aone vyote kwa pamoja, achague. Alilisema hilo mara moja tu: kwamba amejenga nyumba asiyoweza kuingia.

Nikafikiri nifanye nini. Wijeti haiitikii pale inapobonyezwa tu. Unaweza kuipa kiitikio kingine cha wakati inapofikiwa, yaani mtu anaporuka kutoka kisanduku kimoja hadi kingine kwa kibodi bila kugusa kipanya. Kwenye kiitikio hicho nikaweka mlio. Kisanduku cha kuandikia kilitoa mlio mzito, kitufe mlio mwembamba, na kitufe cha kufuta milio miwili, asije akakibonyeza bila kujua. Tatizo likawa kwamba kibodi ilifuata mpangilio wa namna tulivyoziunda wijeti, si namna zilivyokaa, kwa hiyo ilikuwa inarukaruka kama panzi. Nikavunja kila dirisha na kulipanga upya, safu kwa safu, mpaka sikio likafuata njia ileile ambayo jicho lingefuata.

Sikumwambia. Asubuhi moja nilimwomba tu ajaribu dirisha la kupokea mzigo. Alisikiliza hadi mwisho, akarudi mwanzo, akasikiliza tena. Kisha akaingiza mzigo wa uongo wa matairi, akauhifadhi, akaufuta, bila kuniuliza neno. Aliacha mikono juu ya kibodi. Halafu akasema mlio wa kisanduku cha tarehe uko juu kidogo, niushushe. Nikaushusha.

Tukafanya kazi hivyo kwa muda mrefu, naye akazidi kupungukiwa na nuru, mpaka ukabaki weupe tu, kama ukungu. Wateja waliuliza kwa nini mashine inalia. Tukawaambia ni ya kuwasaidia makarani, na kweli makarani walizoea, wakawa hawataki isiyolia.

Kisha akaja mfanyabiashara mkubwa wa vipuri, mtu wa Rombo, aliyekuwa na maghala kadhaa. Mkurugenzi akataka Mtaalamu Mkuu aende mwenyewe dukani kuonyesha programu, na Mtaalamu Mkuu alikuwa Bwana Temba. Nikaenda naye, eti msaidizi. Kompyuta ilipangwa juu ya meza karibu na mlango, mwanga wa nje ukiingia mkali, wapagazi wakipita na maboksi, redio ya duka la jirani ikiimba. Mwenye duka na mkewe walikaa mbele, Mkurugenzi akasimama nyuma yao.

Alianza vizuri ajabu. Alieleza kila dirisha, vidole vikienda bila kusita, sauti yake imetulia. Niliwaona wenye duka wakitazamana kwa kuridhika. Hapo mpagazi mmoja akapita na boksi refu la ekzosi, mguu wake ukavuta waya wa skrini, nayo ikazimika. Kompyuta yenyewe iliendelea. Milio iliendelea. Na Bwana Temba akaendelea.

"Kama mnavyoona hapa juu," alisema, "hii ni orodha ya vilivyopungua."

Mke wa mwenye duka aliweka mkono mdomoni. Mkurugenzi alinitazama mimi, si yeye. Nilijua kila neno litakaloongezeka litazidi kumuumiza, na kwamba hakuna mwingine pale atakayethubutu.

"Bwana Temba," nikasema, "skrini imezimika."

Vidole vikasimama. Aligeuza uso kidogo upande wangu.

"Tangu lini?"

Nilisema ni sasa hivi. Mwenye duka aliinuka, akamsogelea, akamshika bega, akaagiza soda ziletwe. Alisema programu ameielewa na ameipenda, na alisema kweli, maana aliichukua. Tulikunywa zile soda wote watano tukizungumzia mvua.

Kesho yake Mkurugenzi aliniita chini. Sikumkuta na hasira. Aliniuliza kwa nini sikumwambia, nikajibu kwamba kazi ilikuwa inakwenda. Alizungusha kalamu.

"Najua ilikuwa inakwenda," alisema. "Lakini mteja ananunua kile anachokiona, Hansa. Siwezi kumtuma mtu asiyekiona."

Alimpa Bwana Temba nafasi ya kukaa chini kupokea simu, kwa cheo kilekile. Bwana Temba alimshukuru, akakataa. Dada yake alishuka kutoka Kilimanjaro kumchukua. Siku ya mwisho alipitisha mkono juu ya meza yake, akahakikisha droo zote ni tupu, akaniambia nisiogope kuvunja kitu nilichokipanga vibaya. Niliwasindikiza mpaka kituo cha basi. Niliporudi nikakuta wameshahamishia mashine yangu kwenye meza yake.

Nikawa Mtaalamu Mkuu. Miaka mingi baadaye ofisi ilihamia katikati ya mji, wakaja vijana wa chuo kikuu, wazuri, wenye heshima. Asubuhi "Shikamoo mama", nami "Marahaba", kisha kila mmoja anavaa vitu vyake vya masikioni. Wao walisaidiana kwa lugha yao ya haraka, na waliponiuliza jambo, waliuliza kwa adabu ya kumwuliza mgeni. Sikuwalaumu. Niliipenda kazi mpaka siku niliyostaafu, wakanikatia keki, nikarudi Upanga nikiwa na saa ya ukutani.

Sasa nimezoea ukimya wa fleti hii. Nikiulizwa na kijana kazi yetu inataka nini, nasema inataka uvumilivu, na inataka mwenzio mmoja wa kumwuliza, "Hapa nimekosea wapi?" Uvumilivu utajifundisha mwenyewe. Huyo mmoja mtafute mapema.

Mwaka uliofuata kustaafu kwangu mlango uligongwa. Alikuwa dada yake Bwana Temba, amekuja Dar kwa mwanawe mwenye duka Kariakoo. Alinieleza kwamba kaka yake amefariki, usingizini, na wameshamzika. Nilimpa pole, naye akanipa pole vilevile, jambo ambalo sikulitarajia. Nikaweka chai.

"Dada, nataka kukuuliza," alisema baada ya muda. "Kule nyumbani hatukuwahi kujua kazi yake. Alisema alikuwa anatengeneza madirisha mjini. Wengi walidhani ni seremala."

Nikamweleza. Nilichukua karatasi nikamchorea vitufe na visanduku, nikamweleza viitikio, nikamweleza milio. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza na kukaa akasikiliza mpaka mwisho. Chai ilipoa, jua likazama nyuma ya fleti za jirani, naye bado anauliza. Mwishowe akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba.

"Na alikuwa hodari?" aliuliza.

Nikamwambia kati ya wote niliofanya nao kazi ile, hakuna aliyemfikia. Sikumwambia kwamba niliyefanya naye kazi ile, kwa kweli, alikuwa kaka yake tu.