Kwa Sababu ya Watu wa Mars

Mwaka ule chuo kikuu kilifungwa ghafla kwa sababu ya fujo za wanafunzi, nikarudi nyumbani, upande wa Kwa Vonza, nikiwa na nguo chache na kichwa kilichojaa maswali. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Ng'ombe wetu wa kulima walikuwa wamekufa, na mama alikuwa amebakiwa na debe moja la mbegu, kunde na mahindi, alizozichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Alitaka zipandwe vumbini kabla ya mvua ya Novemba, kama watu wote wa kwetu wafanyavyo. Bila ng'ombe, tegemeo lake lilikuwa mwethya, kikundi cha akina mama wa kanisa waliolimiana mashamba kwa zamu. Zamu yake ilikuwa imekaribia.

Jumapili moja baada ya ibada, mzee wa kanisa alitufundisha sisi vijana kwamba Mungu aliumba vyote kwa ajili ya mwanadamu. Nikainua mkono. Nikasema nimesoma kwamba Wamarekani walituma mashine kwenye sayari ya Mars, ikachota udongo, ikaunyunyizia maji kidogo, ikangoja kuona kama kuna kitu hai ndani yake. Wataalamu walikuwa bado wanabishana juu ya majibu.

"Sasa mzee," nikauliza, "kama kuna watu kwenye sayari nyingine, Yesu aliwafia na wao? Ama wana wa kwao?"

Vijana wakacheka. Mzee hakucheka.

"Profesa," akasema, "sisi hapa tunaomba mvua, wewe unatuletea majirani?"

Kabla wiki haijaisha, habari ilikuwa imeota pembe: mimi nahubiri Yesu wa pili, anayeishi Mars. Mwenyekiti wa mwethya akaja kwetu. Alipopewa kiti alikataa kukaa.

"Sisi hatuna ubaya na wewe, dada," akamwambia mama. "Lakini tumefunga, tumeomba, na mbingu bado ni kavu. Tukilima shamba la mtu anayemtukana Mungu, si tutajifungia mvua wenyewe? Mtoto wako asimame kanisani akane maneno yake."

"Mvua ilikosa misimu miwili kabla sijafungua mdomo," nikasema.

"Mungu anajua ya mbele," akanijibu, akaenda zake.

Mama alinigeukia. "Hao watu wa Mars wamewahi kukuletea hata kikombe cha uji?"

"Mama, sikusema wako. Niliuliza tu."

"Basi sema hawako."

"Siwezi kulijua hilo."

"Nani amekuuliza unajua nini? Nimekuambia useme!"

Kesho yake alichukua jembe akaenda kulima peke yake. Nikamfuata na la kwangu. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumevunja kipande kisichotosha hata kutandika mkeka, na viganja vya mama vilikuwa vimepasuka. Alivifunga kwa leso akaendelea.

Jumapili nikasimama mbele ya watu.

"Huko juu hakuna mtu," nikasema. "Nilikosea."

"Sauti," mzee akasema.

Nikarudia kwa sauti. Mtu akapiga haleluya.

Wiki iliyofuata akina mama walifika na majembe yao, wakiimba. Kufikia jioni shamba lote lilikuwa limepandwa. "Wewe mtu wa Mars," mmoja akaniita, "tuletee maji ya kunywa!" Mama alicheka. Tangu nirudi nyumbani sikuwa nimemsikia akicheka.

Novemba ikapita. Mawingu yalikusanyika kila alasiri upande wa Kitui mjini, kisha yakatawanyika. Desemba ikaingia na jua lile lile. Asubuhi moja nikamkuta mama amechuchumaa shambani, kidole chake kikipekua shimo.

"Niambie ukweli," akasema bila kuniangalia. "Siku ile kanisani, uliamini uliyoyasema?"

Neno moja lingetosha. Lakini nilikuwa nimechoka kusema nisichokijua.

"Hapana, mama. Sijui kama wako ama hawako. Bado sijui."

"Kwa hivyo ulidanganya. Mbele ya Mungu, na mbegu zangu zikiwa bado kwenye debe."

"Mama, mvua haiangalii mtu amesema nini."

"Wewe unajua mvua inaangalia nini?"

Kama ningekuwa yeye, hata mimi ningeuliza hivyo hivyo, na katika yote niliyosomeshwa sikuwa na kitu cha kumwekea mkononi akakiona kwa macho yake.

"Lete debe," akasema. "Anza upande ule. Tutaziosha, tuzipike kabla mchwa hawajazimaliza."

Tukafukua, kila mmoja na mstari wake. Punje nyingine zilikuwa nzima, bado na majivu. Penye mchwa hapakuwa na kitu, na hapo mama aliendelea kuuchambua mchanga kwa vidole, muda mrefu, kabla ya kusogea kwenye shimo lililofuata.