Kokoto za Reli na Uji wa Nasari

Hapana, Kerubo, ile harufu haikuwa ya panya aliyekufa, na nimechoka kuambiwa eti niachane na mambo ya darasa la saba. Wewe ni mdogo wangu, ulikuwa darasa la tatu, ulisimama nyuma ya wazazi uwanjani ukaziba pua kama wengine. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Ilikuwa harufu ya uji wa maziwa na sukari uliolala siku nne katikati ya mawe. Inaanza tamu, inageuka chachu, halafu inakushuka kooni kama maziwa aliyocheua mtoto yakakaukia kwenye leso. Na kama mambo hayo yaliisha, mbona leo baada ya kanisa mama amemshika Mwalimu Mogaka mkono pale mlangoni, akacheka kile kicheko chake cha aibu, akasema, "Mwalimu, hata sasa utusamehe, huyu ndiye yule mtoto aliyekuharibia treni"? Mimi nimesimama hapo hapo, mtu mzima, nimemaliza kidato cha nne. Naye Mwalimu akanipigapiga begani. "Tulishasamehe, mama." Tulishasamehe! Nilitaka kutapika kwenye viatu vyake.

Shule yetu ilikuwa upande wa Itumbe, ambako asubuhi hewa yote inanukia majani chai yanayokaushwa kiwandani. Mwaka ule Mwalimu Mogaka, aliyekuwa akitufundisha sayansi, aliamua kwamba siku ya wazazi darasa la saba litaonyesha reli ndogo juu ya plaiwudi, yenye kilima, daraja na stesheni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona treni. Huku kwetu Gusii reli haijafika, tunaijua kwa picha za vitabu. Wavulana wakapewa kutengeneza treni kwa makopo, na sisi wasichana tukapewa kokoto, kwa sababu mawe ni kazi ya mikono michafu. Mimi sikujali. Niliipenda ile kazi kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote. Nilienda kwa akina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara, nikaokota vile vipande vidogo vinavyobaki chini ya nyundo, nikavichekecha kwa chujio la chai la mama (nilichapwa kwa hilo), nikaviosha mara tatu mpaka maji yakatoka safi kama ya kunywa. Mawe ya reli hayamwagwi tu kama mtu anayemwagia kuku mahindi. Unayaweka kwa kijiko, kidogo kidogo, katikati ya mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli, ambazo zetu zilikuwa vijiti vya mianzi. Halafu unasawazisha kwa unyoya wa kuku, na unagonga reli taratibu ili jiwe lisibaki juu yake.

Shida ilikuwa kuyashikisha. Baba mdogo ni seremala pale Nyamache, na ndiye aliyenipa gundi nyeupe kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Nilijaribu nyumbani juu ya kipande cha katoni. Mara ya kwanza gundi ilikuwa nzito, ikakaa juu kama kamasi. Mara ya pili nikaichanganya na maji, na mawe yakaelea yakaenda zake. Mara ya tatu nikalowesha mawe kwanza kwa maji yenye tone la sabuni, ndipo nikadondosha gundi nyepesi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ikazama yenyewe. Kesho yake nilipindua katoni juu chini na hakuna jiwe lililoanguka. Kerubo, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa nimegundua kitu mwenyewe! Nilitembea na ile katoni mpaka shule nimeikumbatia kama mtoto. Mwalimu Mogaka akaitazama, akasema gundi nzuri ya kutosha ataleta kutoka Kisii mjini.

Hakuleta. Alisahau. Ikafika Ijumaa alasiri, siku ya wazazi ni Jumanne na mawe yanahitaji muda kukauka, na kwetu Ijumaa jua linakimbia, maana likizama Sabato imeingia na hakuna mkono unaogusa kazi. Mwalimu akaangalia jua, akaangalia plaiwudi, akatuma mtu jikoni alete uji wa watoto wa nasari uliobaki. Nikamwambia, "Mwalimu, huo utaoza. Una maziwa." Akageukia darasa. "Mnamsikia injinia wa reli? Na reli yenyewe hajawahi kuiona hata kwa ndoto!" Wakacheka mpaka wale wasichana niliokuwa nikiosha nao mawe. "Bibi yangu aligandisha karatasi kwa uji kabla mama yako hajazaliwa," akasema. "Mimina." Nikamimina. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini hawakusema baraka inamkosa nani, mwenye haraka au aliyetumwa. Tukafunga plaiwudi mbichi ndani ya stoo iliyopakana na jiko, mahali pa joto, pasipo dirisha linalofunguka. Jumamosi Sabato. Jumapili hakuna shule. Jumatatu Mwalimu alikuwa na ufunguo na hakufungua.

Jumanne wazazi walikuwa wamekaa kwenye madawati uwanjani, mgeni wa heshima mbele yao, plaiwudi ikaletwa imefunikwa shuka nyeupe. Shuka ilipotolewa reli yangu ilikuwa inatembea. Funza, Kerubo. Weupe, wanene, wanapita kati ya mataruma kama abiria waliochelewa. Ukungu wa kijani ulikuwa umepanda kilima, mende wawili wakatoka chini ya daraja. Mgeni alitoa kitambaa akaziba mdomo. Na Mwalimu Mogaka, bila hata kumeza mate, akaninyooshea kidole, akasema, "Niliwaambia wasichana waoshe kokoto. Nyaboke amezileta na mavi ya ng'ombe."

Nilifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, mama alikuwa ameshasimama katikati ya wazazi. Alimwinamia Mwalimu, akamwinamia mgeni, akafungua leso yake ya kanisani kiunoni, akaanza kukusanya ule uozo kwa mikono. Kwa mikono mitupu! Mawe niliyoyapanga jiwe kwa jiwe aliyazoa kama kinyesi, funza wakimpanda vidoleni, huku akirudia, "Mtusamehe, ni watoto." Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili ili viatu visichafuke. Nikafunga mdomo. Njiani nilijaribu kumweleza, akanikatiza kwa neno moja, kwamba mwalimu hawezi kusema uongo mbele ya mgeni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hiyo ya Mogaka imefika mwaka wa saba na bado ina lami. Siku hizi nikiona kokoto za ujenzi zimemwagwa barabarani, nachukua kiganja, nazitazama, nakumbuka ile katoni, nazitupa. Funza sasa hawanichukizi sana, funza hula walichopewa. Kinachonichukiza ni mkono wake begani kwangu leo asubuhi, mkono msafi wenye harufu ya sabuni, ukinisamehe. Na zaidi ya huo, ninachukizwa na mimi, niliyetabasamu nikasema, "Asante, mwalimu." Darasa la saba nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Leo nilinyamaza kwa nini?

Kesho ni Jumapili. Mama ataingia kwenye majani chai umande haujakauka. Nitachukua kikapu, nitashika mstari ulio pembeni mwa wake, na kabla kikapu hakijafika nusu nitamwambia yote kwa Ekegusii, polepole, nikitaja na siku ambayo gundi haikuja. Akisema mwalimu hawezi, nitarudia tangu mwanzo. Akilia, nitaendelea kuchuma na kusema. Halafu nitamwambia kwamba Sabato ijayo, pale mlangoni, asimwombe mtu yeyote msamaha kwa ajili yangu, na kama Mogaka ataninyooshea mkono, nitamjibu mimi mwenyewe.