Vichwa Ambavyo Sikuviuza

Ile wiki niliyoachishwa kazi naikumbuka kama ndoto ya mchana, ile inayokujia umeketi macho wazi. Saluni ilikuwa Kawangware 56, ghorofa ya kwanza juu ya duka la hardware. Nyundo za chini zilichanganyika na mvumo wa drai za nywele, na sote tulikuwa tumezoea kupayuka bila kujua kuwa tunapayuka. Nilianza kusuka pale mtoto wangu wa kwanza akiwa bado mgongoni. Sasa mwenye saluni, mama mwenye ploti zake hapo mtaani, aliniita kando akanipa bahasha.

"Dada, mambo imebadilika," alisema. "Msichana wangu ndiye anachukua biashara, na yeye anataka hawa wa wigi na kucha. Lakini siwezi kukuacha hivi hivi. Soma, usaini, Ijumaa nikupatie pesa yako."

Ndani kulikuwa na mkataba wa kuachana, wa Kiingereza kitupu, na pesa iliyotajwa sikuwa nimewahi kuishika kwa mara moja. Nilifurahi, tena sana. Niliiona kodi imelipwa na karo imelipwa, nikajiona nimelala Jumatatu mpaka jua linifuate kitandani. Kulikuwa na mstari mmoja kuhusu wateja, nikauruka. Kwetu wasusi mteja si wa saluni, mteja hufuata mkono. Sikudhani kuna mtu angeweza kukaa chini akaandika kinyume cha hilo.

Jumapili niliupeleka kwa jirani yangu kwetu Kibera, mama wa Kinubi anayeuza leso karibu na yale maghorofa ya Soweto East. Alikuwa amefunzwa sheria za kazi ili asaidie watu wa mtaa. Sikwenda kwa sababu nilikuwa na shaka. Nilikwenda kuringa.

Alisoma polepole, miwani puani, mimi nikisubiri anipongeze.

"Umeona hapa wamehesabu notisi?" aliuliza. "Na likizo hukuenda? Na miaka yote umefanya?"

"Nimeona."

"Hii yote ni yako. Hata ukikataa kusaini, bado ni yako. Wacha tuitoe." Akaifunika ile mistari kwa kiganja. "Sasa angalia yenye imebaki. Hiyo ndiyo bei."

Iliyobaki ilikuwa kidogo mpaka nikaona aibu.

"Bei ya nini sasa?"

"Usiwapeleke kotini. Hiyo ni kawaida. Pia unyamaze mambo ya saluni. Halafu wateja. Miaka miwili hutagusa kichwa cha mtu yeyote alikuwa anakuja pale, hata akikufuata kwako na miguu yake."

Nilimkasirikia mwenye saluni, kisha nikamkasirikia huyu wa leso kwa kuniharibia Ijumaa yangu. Nilimuuliza nifanye nini.

"Ukisaini imeisha, hakuna kurudi," alisema. "Kama bei inakufaa, wewe ndiye unajua. Mimi nakuonyesha tu unauza nini."

Kesho yake nilienda kazini kwa miguu kama kawaida, nikiyaacha nyuma maghorofa ya Nyayo Highrise, kukiwa na ukungu mwepesi. Mbele yangu watu walikuwa wakitembea, na kwa jinsi nilivyozoea, sikuona watu. Niliona visogo. Niliona njia za nywele zilizopasuliwa na mkono wangu, matuta niliyoyasuka wiki iliyopita yakianza kufumka, nywele laini za mwalimu mmoja ambazo hazishiki uzi. Kwenye simu yangu wateja wote nimewahifadhi kwa nywele zao: kipilipili, ngumu ya nyuma, analia ukivuta. Vidole vyangu vilikuwa vikicheza vyenyewe mfukoni. Nilihisi kwamba nikisaini, vichwa vyote vile vingeendelea kwenda mbele yangu barabarani na nisingeweza kunyoosha mkono. Na mimi nje ya nywele sijui kazi nyingine. Pesa ile ingeisha kabla ya hiyo miaka miwili, kisha ningekula nini? Lakini nikikataa kabisa, ningekaa nikizozana na watu wenye wakili, na kodi haisubiri.

Nilimkuta mwenye saluni peke yake, ameketi mbele ya kioo na kitambaa chake kichwani. Tuliongea tukitazamana kiooni.

"Madam, kunyamaza nitanyamaza," nilisema. "Wateja siuzi."

"Wee! Hiyo karatasi imeandikwa na wakili."

"Basi mwite huyo wakili aje awasuke."

Alinikazia macho. Nikaendelea kabla sijaogopa. "Na wewe je? Si wewe pia ni mteja wa hapa? Nisipogusa mteja hata mmoja, wewe utaenda kwa nani?"

Mkono wake ulipanda taratibu mpaka kwenye kitambaa. Mimi pekee ndiye niliyekuwa nikikifungua, asubuhi kabla ya saluni kufunguliwa. Kilichokuwa chini yake sitakisema hapa. Siri hiyo niliiuza, na niliiuza kihalali.

Alimpigia binti yake simu, wakabishana kwa Kikuyu kwa muda mrefu. Mwishowe mstari wa wateja ukafutwa, na ile pesa ya juu ya haki yangu ikapunguzwa. Nilisaini. Niliteremka ngazi nikiwa mwepesi na mwenye huzuni, nisijue ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Nilianza kusukia mlangoni pangu Kibera, kwa stuli mbili na beseni. Walinifuata mmoja mmoja. Jumamosi moja alfajiri, majirani wakiwa hawajatoka, mwenye saluni naye akaja, amekanyaga tope kwa viatu vyake vizuri. Niliingiza stuli ndani, nikafunga pazia, nikamsuka kwa utaratibu ule ule wa siku zote mpaka akasinzia mikononi mwangu.

Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo kidogo, akafungua mkoba.

"Ni ngapi?" aliuliza.

Miaka yote ile hakuwa ameniuliza hivyo, kwani kichwa chake kilikuwa sehemu ya kazi. Nilisimama na chanuo mkononi. Kisha nikamtajia bei ya mteja, na hakuomba nimpunguzie.