Agnès amenikana mbele ya mon père

Bamama benzangu, leo mutoto wangu amenikana, na mi niko nimesimama pale pale!

Agnès munamujua. Njo yeye anatengenezaka dinamo ya kinga, ile baiskeli ya baba yake. Njo yeye anafasiriaka mudogo wake Zéphyrin, wa darasa lake moja, sayansi, maana ule anasinziaka tu.

Sasa leo mon père, padri wa masomo, ameita bazazi na batoto. Mu sayansi nafasi imebaki moja. Mi mwenye sikusoma nikajikaza: "Mon père, Agnès anapenda sayansi sana."

Akamuuliza Agnès mwenyewe.

Agnès akainamisha macho. "Hapana, mon père. Ni mama tu njo anasema. Mi nataka kushona."

Kushona! Ule hajui hata kutia kifungo!

Zéphyrin akaruka: "Mi, mon père! Mi napenda sayansi!"

Akapewa.

Mu njia nikamuuliza Agnès: juu ya nini?

"Mama, batoto banaume bangeniita tata Agnès, sawa mi baba."

Zéphyrin naye, bila haya: "Yaya, dada yangu, utaendelea kunifasiria, eh?"

"Ndiyo," akamujibu, na kicheko juu.

Banacheka bote wawili. Mi njo nimebaki na haya.

Bamama, mungekuwa mi, mungerudi kwa mon père?