Mchumba Wangu Kwenye Jedwali la Baba

Baba anafanya kazi kiwanda cha magodoro, chumba cha vipimo. Kila godoro likipimwa, unene wake huingia kwenye jedwali la kompyuta, naye huweka alama ya kulinganisha: lipi ni kubwa kuliko kipimo, lipi halifiki. Programu hulijibu kila godoro, kweli au si kweli, bila kumwonea mtu haya. Baba anaipendea hilo. Nyumbani nasi tulilinganishwa tu: chai ya leo na ya jana, kelele zangu na za jirani. Mama alishachoka kumsema. Sikio la kufa halisikii dawa, husema, kisha huendelea na vitunguu vyake.

Taabu ilinifika mimi siku mchumba wangu, fundi makochi, alipokuja kujitambulisha. Baba hakumuuliza ukoo. Alimuuliza urefu, miaka aliyokaa shule, na magodoro anayoweza kubeba kwa mkupuo. Kisha akafungua kompyuta mezani, katikati ya vikombe.

"Binti yangu haendi kwa mtu wa hivi hivi," alisema. "Lazima anizidi mimi."

Akaandika vipimo vyake mwenyewe kuwa ndio mpaka, akaweka alama ya kubwa kuliko, akabonyeza. Si kweli, si kweli, si kweli. Kwa shule na kwa magodoro walikuwa sawasawa, lakini sawa si zaidi, Baba alieleza, na raha yake hakuificha. Kijana alitazama vidole vyake. Mimi nilitamani kuichovya ile kompyuta kwenye birika.

Mama akafuta mikono. "Hebu ongeza mstari mmoja, mume wangu. Mtie na yule aliyenioa mimi."

"Mimi? Mimi si ndiye kipimo?"

"Basi kipimo kinaogopa nini?"

Baba akajiandika. Si kweli, si kweli, si kweli. Akabonyeza tena, taratibu, kwa kubembeleza. Zilezile. Hakuna mtu anayejizidi mwenyewe, na programu haikuona sababu ya kumsitiri.

"Kumbe," alisema Mama. "Miaka yote hii nalalia godoro bovu."

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Baba akanuna, akairekebisha alama: kubwa kuliko au sawa na. Safari hii yeye akapita kote. Kijana akapita shule, akapita magodoro, akakwama kwenye urefu. Kicheko kikanikauka. Kwa Baba, si kweli moja inatosha kulirudisha godoro.

"Huo urefu wako," alisema Mama, "ulijipima na viatu vya kazini."

 Baba alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: alivua viatu mbele ya mgeni, akasimama ukutani na soksi iliyotoboka kidole.

"Haya, fundi. Nipime."

Mchumba wangu akatoa futi kamba mfukoni, akainama, akainuka, akaitazama kwa muda. Miwani ya Baba ilikuwa mezani, kando ya kompyuta.

"Tunalingana, mzee," alisema.

Baba hajawahi kukubali kipimo ambacho hakukisoma kwa macho yake. Siku hiyo hakuulizia miwani. Alirudi kukaa na soksi zake, akaifunga kompyuta, akamwambia Mama amwongezee mkwe chai.