Documentary ya baba yangu, Ras Mukolwe, na siku alipoimba tena

Wakuu, hamjambo humu ndani? Leo naandika nikiwa na moyo mwepesi. Haya sikuyasikia kwa mtu. Yalitokea nyumbani kwetu Navakholo, nikiwa hapo hapo.

Baba yangu ni mwimbaji wa reggae. Watu wa Kakamega wanamjua kama Ras Mukolwe. Ukienda harusi huku kwenye miwa, lazima utacheza wimbo wake, hata kama hujui ni wa nani.

Halafu akapata stroke.

Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakapotea. Anaelewa kila kitu, lakini akifungua mdomo inatoka "ta, ta" tu. Mtu aliyekuwa akijaza uwanja akawa hawezi kuitisha maji.

Mama akaanza kufunga geti. Wageni wakija, anawaambia mzee amelala. Sikumlaumu. Huko sokoni walishasema ni bangi imemmaliza, na baba hajawahi kuvuta hata sigara.

Sasa akaja dada mmoja wa Mumias anaitwa Khadija, mtengenezaji wa filamu. Alikua akisikiliza kanda za baba dukani kwa babake, akataka kufanya documentary ya maisha yake.

"Assalam aleikum, mama," akasalimia getini.

Mama alimjibu vizuri, lakini akakataa. "Mwanangu, huyo unayemtafuta hayuko tena. Sitaki watu wamuone hivi."

Khadija hakubishana. Aliomba tu amsalimie mzee. Na mnajua mama zetu, mgeni hatoki na njaa. Ingokho, yaani kuku, ikachinjwa, na obusuma, ugali wetu, ikasongwa.

Tukiwa mezani, Khadija akaomba acheze wimbo mmoja kwa simu. Ni ule baba alimtungia mama wakichumbiana.

Besi ikaingia. Baba akaacha kula. Kidole chake kikaanza kugonga meza.

Kisha akaimba.

Si "ta, ta". Maneno, wakuu! "Rasoa, ningoje, mvua itaisha." Yalitoka yakikwama kwama, lakini yalitoka.

Rasoa ndiye mama. Alikuwa ameshika sufuria, akaiweka chini polepole.

"Mukolwe," akasema, "kumbe uko humo ndani?"

Baba akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Mimi nilikimbilia jikoni, sikuweza kuangalia.

Baadaye daktari alitueleza kwamba kuna wagonjwa wa stroke wanaoshindwa kuongea lakini wimbo bado wanao. Siku hizi baba anaitisha chai kwa kuimba, na mazoezi ya kuongea anayafanya kwa nyimbo. Anaendelea pole pole.

Kuhusu kamera, ni mama mwenyewe alimpigia Khadija: "Njoo umpige picha. Na mimi uniweke."

Juzi filamu ilionyeshwa kwa ukumbi wa kanisa. Watu walijaa hadi madirishani. Pale baba anapoonekana, mkono umelegea, anatafuta maneno, niliogopa watacheka.

Hakuna aliyecheka. Waliimba naye.

Ilipoisha, baba akasimama akimuegemea mama. Alitaka kushukuru watu, ikatoka "ta, ta."

"Imba tu, baba watoto," mama akamwambia.

Akaimba "asanteni". Neno hilo moja, tena na tena, na ukumbi mzima ukimuitikia.

Nilichojifunza: mgonjwa bado anahitaji watu wake. Tulidhani tunamlinda, kumbe tulikuwa tunamkausha. Khadija, kama unasoma hapa, Mungu akubariki sana.

Nanyi mlio na mgonjwa aliyepoteza maneno, mmejaribu nini? Semeni hapa chini, mimi nasoma zote, na zingine nitamsomea mzee.